Kengele ya Shule Namba Nne

Kaunti nzima, huko Dakota Kaskazini, Marekani, walimwona Borghild Haugen kichwa maji. Bibi wa miaka sitini na tisa, mstaafu wa posta, lakini kila Jumapili akitoka ibadani anakwenda kujitia kwenye makanisa yaliyohamwa na vishule vya zamani vilivyobaki peke yake katikati ya mashamba ya ngano, ati anapiga picha! "Yule haogopi kitu," walisema. Wee, acha! Mwoga kama yeye hakuna. Kila mlango aliusukuma huku amefumba macho. Alikuwa anajizoeza tu, ili siku moja aweze kuingia Shule Namba Nne.

Huko ndiko alikosoma. Akiwa na miaka tisa, dhoruba ya theluji iliwafungia darasani, na kaka yake Torvald, kijana wa miaka kumi na minne, akatoka kwenda bandani kuchukua makaa. Mwalimu akamkabidhi Borghild kamba ya kengele: piga, usiache, kaka yako afuate sauti. Akapiga mpaka viganja vikachubuka. Kisha akaacha, kidogo tu, apulize mikono. Kwa vilio vya watoto na upepo ule, hakuna aliyegundua. Torvald aliokotwa asubuhi kwenye uzio, amekufa kwa baridi, mbali na banda, mbali na shule. Siri hiyo Borghild hakumwambia mtu, hata mumewe alikufa haijui.

Sasa shule ilikuwa ibomolewe Jumatatu. Jumapili hiyo ya Machi mdogo wake, Ardis, akamwendesha. Gari waliliacha barabarani, njia ya kuingilia shuleni ilikuwa imezibwa na theluji.

"Dada, hata panya wameihama hii," Ardis alisema mlangoni. "Piga picha yako twende."

"Nipe dakika kumi, mdogo wangu."

"Kumi zako nazijua mimi! Basi ngoja nikalete kahawa garini, nisife kwa baridi."

Akaenda. Borghild akaingia, akigonga mbao za sakafu kwa mpini wa ufagio aliokuja nao na kukanyaga penye misumari tu, maana hapo chini pana boriti. Kamba ilikuwa bado inaning'inia, ila chini yake mvua ilikuwa imeila sakafu, pamebaki shimo jeusi la chumba cha chini ya ardhi.

Mara madirisha yakawa meupe. Upepo ulivuma ukatikisa jengo zima. Alikimbilia mlangoni: gari halionekani, barabara haionekani, hata ngazi iliyo miguuni pake haionekani. "Ardis! Ardis weee!" Sauti haikufika popote. Simu haikushika mtandao.

"Jikaze kisabuni, mwanamke," alijiambia huku analia. Akalala kifudifudi, akatambaa juu ya boriti. Ubao mmoja ukakatika, ukaanguka shimoni, na yeye akasikia muda gani umepita kabla haujagonga chini. Alitamani kurudi. Mungu wangu, jinsi alivyotamani! Akanyoosha mkono, akaidaka kamba, akavuta.

Kengele ikalia.

Akavuta tena, na tena, amelala vile vile, anaogopa kamba itakatika, anaogopa boriti, anaogopa zaidi mikono yake mwenyewe. Viganja vikaanza kuwaka moto. Vikachubuka. Damu ikateleza kwenye kamba, naye akaizungusha kiganjani ili asiweze kuiachia hata akitaka.

Hakujua muda gani ulipita. Aliposikia kishindo mlangoni, Ardis alikuwa pale kwa magoti, mweupe tangu kofia mpaka viatu, anahema.

"Dada! Nilishapotea mimi, nilikuwa naelekea mashambani... Dada, acha sasa. Nimefika."

Kengele iliendelea kulia.

"Borghild, unanisikia? Ni mimi, Ardis. Nimeshafika!"

"Nimekuona," Borghild alisema, na hakuacha kuvuta. "Torvald bado."