Kiti cha Mama Colette

Henriette alipoanza chuo aliambiwa kwamba viti havitoshi, kila mtu aje na chake. Akajitwika kiti cha plastiki cha mama yake, akatembea nacho kutoka mtaa wa Panda. Mgongoni kiliandikwa kwa rangi nyekundu MAMA COLETTE, kisije kikapotelea kwenye matanga ya watu. Wenzake wakamwita hivyohivyo. Alikataa wiki nzima, kisha akachoka, akaitika.

Siku moja mama yake akamletea chuoni sombe, mboga ya majani ya muhogo, akamkuta kijana wa darasa la Henriette mlangoni.

“Natafuta Henriette.”

“Henriette? Hatumujue, mama.”

“Miye ni mama yake. Mama Colette.”

Kijana akamtazama kuanzia kitambaa hadi viatu.

“Pardon, mama. Kiti yako iko wapi?”