Vumbi la Mwenye Ufagio

Mdogo wangu alikuwa mjane, na wanawe aliwalisha kwa ufagio. Kwenye makarasha ya Kharumwa, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, desturi ilijulikana: jiwe la mwenye jiwe, vumbi la mwenye ufagio. Jioni mashine zikizimwa, akina mama walifagia, wakaosha lile vumbi, wakapata chembe za kubadilisha na unga.

Kisha karasha lao likanunuliwa na Mchina, ambaye mimi nilikuwa namfundisha Kiingereza. Jamani, alikuwa na bidii yule! Siku aliyoibiwa simu mnadani alikuja amenuna: "Mwalimu, leo nifundishe wizi." Nikamfundisha. Steal ni kuiba, na kinachotajwa ni kitu kilichoibwa. Rob ni kupora, na anayetajwa ni mtu aliyeporwa. Snatch ni kukwapua, kama simu yake. Akasema kwao pia kuiba kwa siri na kunyang'anya kwa nguvu ni maneno mawili. Nikacheka, nikamwambia wezi ni wale wale dunia nzima.

"Na wanawake wanaofagia?" akauliza. "Hao neno lao lipi?"

"Huo si wizi, ni kufagia." Nikamweleza ile desturi mpaka koo likanikauka.

Akatikisa kichwa. "Vumbi limetoka kwenye jiwe langu. Basi ni steal."

Kesho yake akaweka mlinzi getini. Nilikwenda kumsihi, nikamwambia kuna watoto watalala njaa. Wapi! Mdogo wangu akasema, "Dada, achana naye. Nitaokota mawe kwenye maduara ya zamani." Mashimo yale yaliachwa kwa sababu yanabomoka, kila mtu anajua. Nilimkatalia, nikagomba, lakini watoto hawashibi makatazo. Akaenda. Udongo ulikuwa umelowa mvua, ukamfunika.

Mchina alikuja msibani. Alivua viatu, akaketi mkekani, mkononi ana ufagio ambao mdogo wangu aliuacha getini siku ile aliyofukuzwa.

"Mwalimu," akasema kwa Kiingereza, taratibu, "nimempora mdogo wako."

Alisema rob, na akamtaja mtu. Hakukosea. Nilikuwa nimemwekea matusi ya Kiswahili na ya Kisukuma. Badala yake nikamkwapulia ule ufagio, nikaingia nao ndani, nikaukumbatia nikilia. Bado ulikuwa na vumbi.