Kanga Aliyenijibu Kwenye Ngano

Kunicheka mtanicheka, lakini nitasema. Mchana huo wakwe ambao nilikuwa sijawahi kuwaona walikuwa wanakuja kumposa mjukuu wangu Chebet, na nilikuwa nimejigamba nitawapikia kanga. Huku Njoro nani anamwita kanga kunishinda? Na kwetu mkwe hapaswi kuona hata goti lako.

Nikajilaza kwenye mabua ya shamba la ngano la mzungu jirani, sketi nimeikunja hadi mapajani, rungu mkononi. Mlio wa hofu ungewafukuza kanga, kwa hivyo nikaiga ule wa jike aliyepotea. Dume akajibu! Nikalia tena, polepole. Akasogea. Sufuria nyumbani ilikuwa tupu na jua limeshapanda. Nikatambaa kwa tumbo mpaka mabua yakatikisika mbele ya pua yangu, nikaruka na rungu juu.

"Usiniue, mama!"

Alikuwa mzee mzima, amelala kifudifudi, naye ana rungu lake.

"Nilikuwa namwita kanga nisiende kwa wakwe mikono mitupu," akasema. "Leo tunaposa kwa nyanya yake Chebet. Unamjua?"

Nikashusha sketi kwanza.