Ngumi Kifuani mwa Baba

Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Makere. Baba yangu alikuwa seremala, mtu asiyejua kuugua. Asubuhi moja aliacha randa juu ya ubao, akaketi chini na kusema, "Mwanangu, moyo unanikimbia. Unadunda mpaka kooni."

Tulipata lifti ya lori la kahawa hadi hospitalini Kasulu. Daktari alikuwa kijana mwembamba, mpole. Alishika mkono wa baba, macho kwenye saa, akihesabu mapigo. Mimi nilisimama upande wa pili wa kitanda. Baba alikuwa akimweleza daktari habari za madawati ya kanisa ambayo hajayamaliza, mara akakatika katikati ya neno. Macho yakageuka juu, mkono ukalegea.

Daktari aliuachia mkono wa baba. Aliinua ngumi, akampiga baba katikati ya kifua, kwa nguvu, kwa kishindo kama cha gunia la maharage likitupwa sakafuni.

Nilimrukia nikamkamata mkono. "Unampiga mzee wangu kwa kosa gani?"

Muuguzi, mama wa makamo, alinikumbatia kwa nyuma, akanivuta hadi ukutani. "Mwalimu, mwache. Moyo umesimama."

Daktari akapiga tena, akaweka vidole shingoni mwa baba, akasubiri. Kisha nikamsikia baba akivuta pumzi ndefu yenye mkoromo.

Wakamtundikia dripu yenye dawa ya kutuliza mapigo. Alipopata fahamu alipapasa kifua, akauliza kwa sauti ya kukwaruza, "Nani kanipiga?"

"Ni mimi, mzee. Unisamehe," daktari akasema.

"Kwani tumegombana?"

"Hapana, mzee. Moyo ulisimama, nikaugonga ili uanze tena," daktari akajibu.

Nje, barazani, muuguzi aliniambia kwamba wiki iliyopita walimpiga vilevile mama mmoja wa Nyakitonto, kwenye kitanda kilekile, na hakuamka. Nikakaa chini kwenye saruji.

Baba aliishi miaka sita zaidi, akimeza vidonge vyake kila siku. Niliporudi darasani kutoka Kasulu, kwa siku kadhaa nilishindwa kuandika ubaoni. Mtoto yeyote akiangusha kitabu, niligeuka haraka kutazama nani kaanguka.