Basi Linalosimama Ilula

Verediana ni mjane wa kaka yangu Didas, kwa hiyo ni wifi yangu, na kumtania ni haki ninayoitumia yote. Tunauza jirani pale barabarani Ilula, yeye nyanya, mimi vitunguu. Basi likisimama tunakimbilia madirishani. Yasipokuwepo mabasi mimi nasinzia, naye anaandika hadithi kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kwa kidole gumba kimoja, huku akitabasamu peke yake. Watu wanadhani amepata mchumba.

Mwaka huu alipania kuingia kwenye jarida moja la mtandaoni linalochapisha mashairi na hadithi za mambo yajayo. Lilishamkataa mara mbili. Mara ya pili hakula mchana, na Verediana kukosa kula ni habari ya kutangazwa kanisani.

Hadithi ya tatu ilihusu Ilula ya mwaka 2090. Mabasi yanaruka, nyanya zinataja bei zenyewe, na roboti linakagua tiketi kwa Kihehe.

"Na sisi je?" nilimuuliza.

"Sisi bado tunakimbilia mabasi."

"Si yanaruka angani?"

"Tunapanda ngazi, wifi."

Nilicheka mpaka nikaangusha ndoo ya vitunguu.

Jumatano akapiga simu mhariri, kijana mmoja wa Mbeya anayeitwa Joachim. Verediana akaweka sauti kubwa ili nisikie anavyosifiwa.

"Mama, huku mwanzo umejaza maajabu matupu," alisema Joachim. "Habari yenyewe umeifukia mwisho kabisa. Yule abiria. Anza naye, tutaichapisha. Naomba jibu leo."

Nilimkazia macho. Mwanamke huyu alikuwa ameipanga hadithi kama tunavyopanga ndoo: juu zile kubwa zinazong'aa, chini zile usizotaka mteja azione. Sasa mhariri ameimwaga ndoo yote.

"Abiria gani?" nikauliza.

Alifuta nyanya moja kwa kanga, kisha akaifuta tena ileile.

"Ni Didas. Nimemwandika kwa jina lake. Ni kaka yako, wifi. Ukikataa namtoa, hata kama watanikataa tena."

Akanipa simu. Nikasoma nimesimama.

Katika mabasi hayo ya angani limo moja la marehemu. Hupita Ilula mara moja tu, na haliruhusiwi kuondoka iwapo abiria bado anapatana bei. Didas anafungua dirisha. Hamtambui mkewe. "Ndoo bei gani, mama?" anauliza. Verediana anataja bei ya kuumiza. Didas anaguna vilevile alivyokuwa akiguna nyumbani, anaomba apunguziwe. Verediana anakataa. Anaomba tena, anakataliwa tena. Abiria wengine wanalalamika, dereva anapiga honi. Mwishoni Verediana anamwonea huruma, anapunguza. Didas anapokea ndoo yake, na basi linaondoka.

Nililia palepale kando ya lami, na sikuvisingizia vitunguu. Miaka mitatu tangu tumzike nilikuwa sijalia hivyo.

Verediana alikuwa ananitazama, simu ameinyooshea mkono.

"Niitume?"

"Itume. Mweke mwanzo kabisa, na jina lake," nikamwambia. "Lakini bei usipunguze, wifi. Kataa. Mwache aendelee kuomba."