Skrini ya Hamsini kwa Mia

Kazi yangu ni kushika mkanda. Mpimaji wa ardhi huchungulia kwenye mashine yake, mimi nashika mkanda upande wa pili na kupiga bikoni za mipaka, na nikirudi nyumbani Giakanja najiita mpimaji. Nimefanya hivyo miaka ishirini, sana sana upande wa Chaka, ambako kila mwenye shamba siku hizi analikata vipande vya futi hamsini kwa mia. Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba aliyeharibu jioni ile hakuwa mtu asiyejua vipimo. Alikuwa mjuaji, na mjuaji ni mbaya zaidi.

Mama alikuwa ametolewa mtoto wa jicho kwenye jicho la kushoto. Bandeji ilipoondolewa tulidhani ataomba kuona mlima, au wajukuu. Alisema, "Nataka kuona baba yenu kwa ile video. Nimuone vizuri."

Ile video ni ya ruracio ya dada yangu, siku wakwe walipoleta mahari. Mama hakuwepo. Alikuwa hospitalini na nyonga iliyovunjika, na baba akapokea wageni peke yake. Miezi michache baadaye baba aliugua, akatutoka. Kufikia hapo macho ya mama yalikuwa yameshaingia ukungu, kwa hiyo kwa miaka yote hiyo aliisikiliza ile video tu. Alijua mahali baba anapokohoa. Alijua neno analolisahau na mgeni anayemkumbusha. Uso wake siku ile hakuwahi kuuona.

Televisheni yetu ilikuwa imeungua umeme uliporudi kwa nguvu. Dada akasema tumwekee mama kwenye simu. Nikamwambia baba hawezi kutoshea kwenye simu. Niliipenda sana hiyo sentensi, na nikairudia kwa majirani watatu. Kufikia wa tatu nilikuwa nimeshawaalika wote waje Jumamosi jioni, kumwona mzee kwenye skrini kubwa uani kwetu.

Projekta niliiazima kanisani, ile ya watoto wa Sunday school. Skrini nikaenda kuikodi mjini Nyeri, kwa kijana anayepeleka viti na mahema kwenye harusi. Alikuwa na vitambaa vitatu: cha mita mbili, cha mita nne na cha mita sita.

"Watu wako wangapi, mzee?" akauliza. "Na watakaa mbali kiasi gani? Hiyo mashine yako iko na nguvu?"

Yalikuwa maswali matatu mazuri. Sikujibu hata moja. Nilikuwa na miaka arobaini na minane na kuitwa mzee kulikuwa kumeniuma.

"Kubwa kabisa ni ipi?"

"Iko hii ya mita sita, lakini hiyo ni ya krusedi za injili. Na hiyo mashine ya watoto, ati mita sita? Utaona giza tu. Chukua hii ndogo, itatoa picha safi."

Nilicheka kama ninavyocheka mteja akiniambia kipande kidogo kinamtosha. Sisi watu wa huku tukipewa kidogo na kikubwa, hatuulizi cha nini. Tunachukua kikubwa, tunazungushia ua, halafu tunaanza kufikiria tutakifanyia nini. Nikachukua cha mita sita.

Jumamosi mchana nilipima uwanja kwa mkanda wa kazini na kupiga vigingi vinne kwenye pembe za mstatili ulionyooka kabisa. Upande mmoja wa kitambaa niliufunga kwenye mti wa avokado, upande wa pili kwenye nguzo ya zizi. Na kwa sababu kila mtu anajua kipande kizuri ni kile kinachoangalia barabara, skrini yangu niliielekeza barabarani. Barabara yetu iko upande jua linakotua. Mtoto wa darasa la tatu angeniambia nini kitatokea saa kumi na mbili.

Majirani walikuja na stuli zao. Akina mama wawili wasiotujua walikuja na Biblia, maana ukiona kitambaa cheupe kikubwa kando ya barabara unajua ni mkutano wa injili. Dada aliwapa chai, wakakaa. Mama nilimweka mbele kabisa, katikati, blanketi magotini, kichwa amekigeuza kidogo ili jicho lake jipya lipate nafasi. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani.

Jua liliipiga ile skrini usoni mpaka saa moja kasoro. Tuliangalia kitambaa cheupe na kunywa chai. Nilieleza watu mambo ya teknolojia. Giza lilipoanza kuingia, upepo wa kutoka Nyandarua nao ukaingia, na ukungu nyuma yake. Nilikimbia ndani gizani nikachukua sweta ya kwanza iliyonijia mkononi, ya baba, ile ya kahawia yenye vifungo vikubwa, nikafunga vifungo huku nakimbia kurudi kwenye mashine.

Ili picha ijaze mita sita, ilibidi niirudishe projekta nyuma mpaka mlangoni mwa zizi, juu ya hori la ng'ombe. Nikawasha. Sauti ya baba ikatoka safi kabisa, inawakaribisha wakwe. Kwenye kitambaa kulikuwa na kivuli kirefu cha rangi ya majivu. Upepo ukijaza kitambaa, kivuli kinanenepa. Upepo ukitoka, kinakonda.

"Huyo ni mtu," mama akauliza, "ama ni nguo imeanikwa?"

"Ni baba, mama."

"Oh." Akageuza kichwa upande huu, akageuza upande ule. "Ni mkubwa sana. Asante, kijana yangu. Nimemuona."

Alikuwa anaangalia mti wa avokado.

Nilitamani ng'ombe anile pamoja na nyasi. Mama alisaidiwa kuinuka akaenda jikoni kuota moto, na majirani nao wakaaga mmoja mmoja, wakisifu chai. Hakuna aliyesifu skrini. Kamba ya upande wa zizi ilikatika dakika hiyo hiyo, kitambaa chote kikalala kwenye samadi, na mimi nikasimama katikati ya vigingi vyangu vilivyonyooka nikiona haya kama mtoto.

Dada hakunicheka, na kwake huo ni msamaha mkubwa. Aliibeba projekta na waya wake kuiepusha na ukungu, akaiingiza jikoni kupitia dirishani ikiwa bado inawaka, akaiweka juu ya kigoda. Mwanga ukaenda kutua kwenye kitambaa cha kichwa cha mama, kile cheupe cha kanisani, kilichopigwa pasi na kutandazwa kwenye mgongo wa kiti kikisubiri Jumapili. Nikamfuata ndani, nikainama, nikazungusha kioo taratibu mpaka picha ikatulia.

Ilikuwa na ukubwa wa sinia la chai. Baba alikuwa ndani yake, mzima, na meno yake na kipara chake.

Mama alivuta kigoda alichokalia karibu na picha. Alivuta tena. Hata pale baba anapokohoa hakumtangulia kama kawaida yake. Kisha akanyoosha kidole na kugusa kitambaa.

"Hakuna mtu alimwambia?"

"Kumwambia nini, mama?"

"Sweta. Amefunga vifungo vibaya. Angalia, upande mmoja uko juu."

Tuliangalia. Ilikuwa kweli. Mimi na dada tumeiona video ile mara ishirini, na wakwe wote walikaa mbele yake siku nzima, na hakuna aliyeona. Aliyekuwa akimfunga vifungo kila siku ya maana alikuwa wodini, amelala chali.

"Alivaa peke yake," mama akasema. "Wageni wote hao, na alivaa peke yake." Machozi yakamtoka, kwenye jicho la zamani na kwenye jipya.

Nikachutama kando yake. Aligeuza kichwa kunitazama, akanitazama kifuani, akatikisa kichwa. Halafu akashika sweta niliyovaa, akafungua vifungo vyote vitano kuanzia juu, akavifunga upya kimoja kimoja, kila kimoja kwenye tundu lake.

"Sasa rudisha mwanzo," akasema.