Yudita na Mnara wa Kuoshea Mafuta

Saa nne asubuhi jua la Mbarara limeshapanda, na Yudita Mukandayisenga amesimama katikati ya karakana ya kuchomelea vyuma. Jerikani la mafuta meusi amelibana kati ya miguu yake kama mtoto anayeweza kukimbia. Mbele yake zipo mashine tatu. Anatakiwa kuchagua moja.

Anazitazama moja baada ya nyingine, kisha anairudia ya kwanza. Hajala kitu tangu alipotoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na chai aliyoletewa imepoa juu ya kigoda.

"Mama Prince, kunywa chai," Madeleine, mwenzake wa kikundi cha sabuni, anamwambia Yudita, akiwa tayari kwenye kikombe cha pili. "Hizi mashini hazitatembea."

"Minaogopa," anajibu Yudita. "Nikikosea leo, hakuna mutu atatupa ingine."

Na kweli hakuna. Shirika moja lililotembelea kambi lilikubali kuwanunulia mashine ya kuoshea mafuta. Moja tu. Wakaambiwa wachague wenyewe, kwa kuwa wao ndio watakaoitumia. Kikundi kilikaa kikao kirefu, na mwisho kikasema: Yudita ndiye anayeosha, basi neno la mwisho liwe lake.

Watu walimpigia makofi siku hiyo. Yeye alirudi nyumbani akaishiwa na hamu ya kula.

Yudita ana miaka arobaini na nane. Alizaliwa milimani Kivu Kusini, huko Kongo, katika nyumba ya wafugaji, na alikuja Nakivale akiwa na mtoto mgongoni, huyo Prince ambaye sasa anafanya kazi ya pikipiki pale Base Camp, senta ya kambi. Alilima mahindi mpaka udongo ukachoka, akauza nyanya. Mgao wa chakula ulipopungua, yeye na wenzake wakaanza kutengeneza sabuni.

Malighafi yao inatoka mjini. Wanazunguka kwa wakaanga chipsi na samaki wa Mbarara, wanakusanya mafuta yaliyochoka, yale ambayo yangemwagwa mtaroni. Wanayapeleka Nakivale, wanayachanganya na soda kali, na kupata sabuni ya miche. Mwezi ukiwa mzuri kila mama hupata kama shilingi elfu hamsini. Mwezi ukiwa mbaya, hugawana miche iliyovunjika.

Sabuni hiyo inatoa uchafu, hilo hakuna anayelikataa. Shida ni harufu.

"Shati inakauka na inanuka sambaza," anasema Madeleine, akimaanisha wale vidagaa wa ziwa la kwao. "Unaenda kuomba, paka anakufuata mpaka mu kanisa."

Yudita hacheki. Bi Vanessa, mwenye nyumba ya wageni kule mjini, mtaa wa Kamukuzi, alimwambia wazi: mashuka yake hayawezi kunuka samaki. Lakini akaongeza kwamba wakileta sabuni isiyonuka, atachukua yote wanayotengeneza, kila mwezi. Alisema atakuja Nakivale mwenyewe mwisho wa mwezi huu, anuse kwa pua yake.

Basi mafuta lazima yaoshwe kabla hayajawa sabuni. Kwa maneno ni jambo jepesi. Unachukua maji ya moto yenye chumvi, unayakutanisha na mafuta, maji yanabeba masizi na harufu, kisha unayaondoa. Ugumu wake waliujua msimu wa mvua uliopita, nao waliujua vibaya.

Wengi katika kikundi ni wafugaji, watu wa maziwa ya ng'ombe. Tangu utotoni wameona mama zao wakisukasuka kibuyu, taratibu, huku na huku, mpaka siagi inajikusanya yenyewe juu. Kwa hiyo walipoambiwa kutenganisha mafuta na maji, hakuna aliyeuliza njia. Walitia vyote kwenye majerikani, wakayafunga kamba kwenye boriti ya banda, wakakaa wawili wawili, wakasuka. Waliimba nyimbo za kanisa. Walibadilishana mikono. Walingoja mafuta yakusanyike.

Hayakukusanyika. Walipofungua vifuniko, ndani kulikuwa na kitu cheupe, kizito, kinachong'aa, kisicho mafuta wala maji.

"Tukasema tumesuka kidogo," anakumbuka Yudita. "Tukaongeza. Kumbe tunaharibu. Kila tukisuka, inazidi kuwa nyeupe."

Mzee Gakwaya, mwenyekiti wao, ambaye alikuwa na ng'ombe wengi kabla ya vita, alichovya kidole akakitazama muda mrefu. "Wamama," akasema, "tumekamua ng'ombe wa chipsi."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Kicheko kilipoisha wakakumbuka kwamba hayo ndiyo yalikuwa mafuta yao yote. Waliyaacha wiki nzima, hayakuachana. Mwisho yalimwagwa shimoni, na mwezi huo hakukuwa na sabuni ya kuuza wala miche iliyovunjika ya kugawana.

Ndiyo maana leo Yudita amekuja na jerikani lake. Ameapa kutonunua kwa kusikia.

Mwenye karakana anaitwa Kizito, fundi mnene wa sauti ya chini, aliyewahi kufunga mabomba kwenye viwanda vya maziwa na vya mafuta ya kupikia. Anavuta kiti, anakaa mbele ya akina mama, anaeleza, akimwita Yudita nyabo, yaani bibi.

"Nyabo, hii kazi iko mbili tu. Maji na mafuta nakutana, halafu naachana. Mashini ingine najua kukutana sana. Kuachana, hapana."

"Hiyo ni mashini ao ni ndoa?" anauliza Madeleine.

Kizito anacheka mpaka bega linatikisika, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Yudita anatabasamu. Kisha Kizito anamimina mafuta ya jerikani na maji.

Mashine ya kwanza ni pipa lenye makasia ya chuma yanayozungushwa na mota. Ni ngeni, inang'aa, na ndiyo iliyopendwa na vijana wa kikundi walipoona picha yake. Kizito anawasha. Makasia yanakoroga maji na mafuta kwa nguvu. Yudita anachungulia ndani, na uso wake unabadilika.

"Zima," anasema. "Zima, baba. Ni ile ile."

Ndani ya pipa kumeanza kuwa kweupe.

Kizito hakatai. Anasema mafuta safi yangevumilia, lakini haya yana unga wa chipsi na mabaki mengi, na vitu hivyo ndivyo vinavyoshikilia maji yasitoke. Anaweza kupunguza mwendo wa mota. Yudita anatikisa kichwa.

Mashine ya pili ndiyo aliyoitaka mzee Gakwaya, ambaye amefika sasa hivi, fimbo mkononi, kofia kichwani. Ni mashine ya kutenga krimu, iliyonunuliwa kwa mtu wa Bwizibwera, ambako maziwa hukusanywa kwa wingi. Inazunguka kwa kasi kubwa, na kila kimiminika kinatokea mdomo wake.

"Mwanangu, hii tunaijua," anasema mzee. "Hii ni ya watu wa ng'ombe."

Kizito anaiwasha, inaanza kuimba. Anamimina yale yale yaliyokuwa meupe. Mdomo mmoja unatoa maji machafu. Mdomo wa pili unatoa mafuta ya manjano, safi, yanayopitisha mwanga.

Madeleine anaweka kikombe chini. Gakwaya anagonga fimbo sakafuni mara moja, kama mtu aliyeshinda kesi. Yudita anakinga mafuta kiganjani, ananusa, anatazama juu. Kwa muda mfupi woga unamtoka usoni kabisa.

Kisha mlio wa mashine unabadilika. Unakuwa mkali, halafu mzito. Mafuta yanapungua mdomoni, yanakuwa uzi, yanakatika. Kizito anazima haraka. Anapofungua, ndani kuna sahani nyingi nyembamba zilizopangana, na katikati yake umejaa unga ulioungua, mweusi, umeganda kama lami.

"Tutachuja kwanza," anasema Gakwaya. "Kitambaa kipo."

"Inawezekana, mzee," anasema Kizito. "Mimi hapana danganya nyinyi. Hii ndiyo nguvu kuliko zote. Lakini kila siku lazima naosha sahani moja moja. Moja ikipinda, nyingine natoka mbali sana. Na umeme ikipotea, hii nakuwa kiti ya kukalia tu."

Umeme. Yudita anamtazama Madeleine. Kule kwao taa zinaweza kuondoka asubuhi na kurudi zikitaka.

Mashine ya tatu haifanani na mashine. Ni bomba pana la chuma, refu kuliko mtu, limesimamishwa wima. Kizito huliita mnara. Juu kuna kinyunyizio kama cha bafuni. Ndani kuna sahani za matundu, chini koki, na ubavuni kimefungwa kioo chembamba cha kutazamia. Unajaza mafuta yaliyopashwa moto, kisha maji ya chumvi yananyesha kutoka juu. Maji ni mazito, kwa hiyo yanashuka yenyewe tone kwa tone katikati ya mafuta, yakibeba uchafu mpaka chini. Hakuna kinachozunguka wala kupiga kelele.

Wanakaa kuitazama. Na kukaa huko kunachosha. Muda wa chakula unafika na kupita, na mafuta yaliyooshwa ni kidogo tu. Gakwaya anapiga miayo bila kujificha.

"Hili ni bomba la maji," anasema. "Tumepewa mashine, sisi twende na bomba?"

Yudita anainamia mnara. Ameweka macho kwenye kioo, anatazama matone. Anajua mzee ana haki ya kuudhika. Kile kiganja cha mafuta safi kimetoka kwenye mashine ya krimu, na kila mtu amekiona. Akichagua mnara na sabuni ikachelewa, Bi Vanessa atatafuta wengine, na akina mama watasema Yudita ndiye aliyekataa mashine nzuri.

Anamgeukia Kizito na kumuuliza kila mashine inaharibika vipi. Fundi anamjibu bila kuficha. Makasia yakikosea, utaona ukiwa umeshachelewa. Sahani zikiziba, utasikia ukiwa umeshachelewa. Mnara ukikosea, utaona kwenye kioo, tone litakapokataa kushuka.

"Na hapo nafanya nini?"

"Nafunga maji. Nangojea. Hakuna kilichoharibika."

Yudita anaweka mkono kwenye chuma cha mnara.

"Nitabeba hii," anasema. "Hii inakubali mutu akosee."

Gakwaya anaokota fimbo yake na kutoka nje.

*

Siku ya kwanza ya mnara huko Nakivale inakuwa mbaya kama alivyoogopa. Asubuhi hiyo ni ya baridi. Mafuta yaliyopashwa kidogo tu yanakuwa mazito, na maji yananing'inia katikati ya kioo bila kushuka wala kupanda. Wanakikundi wamekusanyika bandani wakitazama. Mtu mmoja nyuma anasema mashine ya krimu ingekuwa imemaliza. Hakuna anayemnyamazisha.

Yudita anafunga koki ya maji. Anangoja. Kisha anawaambia wayatoe mafuta yote, wayapashe tena mpaka yawe mepesi, na wafunge magunia kuzunguka bomba yatunze joto. Kazi hiyo inakula siku nzima.

Kesho yake wanaanza upya. Safari hii Gakwaya amekuja, amekaa kando kwenye jerikani lililogeuzwa. Yudita anafungua maji kidogo sana. Tone la kwanza linatokea kwenye kioo, linasita, linaanza kushuka. La pili linalifuata. Baadaye ni mvua ndogo, kimya, katikati ya mafuta ya kahawia.

Muda unapita. Mzee anasogea, ananyoosha mkono mpaka kwenye bomba.

"Tusukesuke kidogo?" anauliza kwa sauti ya chini. "Kidogo tu, yachangamke."

"Acha, baba. Hata miye mikono inaniwasha."

"Basi nitaikalia," anasema mzee, na kweli anaweka viganja vyake chini ya mapaja.

Mchana Yudita anafungua koki ya chini. Maji yanayotoka ni meusi, ya uvuguvugu. Anayakinga kwenye kopo, anainama, ananusa. Anampa Madeleine naye anuse.

"Sambaza," anasema Madeleine, akikunja pua.

"Sambaza," anasema Yudita, na anakaa chini hapo hapo alipo, kopo mkononi, kama mtu aliyetua mzigo. Harufu waliyoikimbia mwaka mzima iko kwenye maji.

Bado hajatulia. Mafuta ya juu ni mepesi na rangi imefunguka, lakini bado hayajageuzwa sabuni, na Bi Vanessa anakuja Alhamisi. Pia mnara ni wa polepole. Kwa oda yote ya Kamukuzi, mmoja hautatosha, na Yudita analijua hilo tangu siku ile ya karakana.

Lakini ana mpango, na anauelezea akiwa ameshika bomba. Prince ana rafiki anayechomelea milango pale Base Camp. Ameshakuja, amelizunguka, amelipima kwa kamba. Anasema halina siri. Kama Bi Vanessa atakubali, kikundi kitatafuta bomba lingine na kulisimamisha pembeni ya hili, kisha wataita akina mama wanaongoja nafasi ya kuingia kikundini.

"Nitabafundisha kupasha, kufungua maji, kuangalia kioo," anasema. "Halafu ile ya mwisho, ndiyo ngumu kupita zote kwa watu ya kwetu."

Anatazama kwenye kioo. Matone yanashuka.

"Kukaa, na kuacha mikono itulie."